Bibi Swantz, Mwalimu Aliyekubali Kufundishwa

Katika bonde letu la Rufiji wageni wenye elimu hawakuadimika tangu zamani. Wadachi walifika kulitazama lile korongo ambalo baadaye liliitwa kwa jina la mmoja wao, Stiegler. Mwaka wa 1929, wakati wa Serikali ya Kiingereza, Bwana Telford aliandika taarifa yake juu ya mabonde ya Rufiji na Kilombero. Mwaka wa 1961 Shirika la Chakula na Kilimo la Umoja wa Mataifa likatoa vitabu vyake juu ya maji, udongo na mazao ya bonde zima. Mwaka wa 1975 ikaundwa mamlaka ya kuliendeleza bonde, ndiyo iliyoitwa RUBADA. Maji yalipimwa, udongo ukachukuliwa kwenda kuchunguzwa, na ramani zikachorwa. Kazi hizo hazikuwa za bure, wala sisemi kwamba zilifanywa kwa nia mbaya. Lakini kwa sehemu kubwa mkulima wa Ngorongo au wa Mkongo alikuwa humo mtu wa kuhesabiwa tu, wala si mtu wa kuulizwa.

Matokeo ya jambo hilo twayajua. Mwaka wa 1968 mto ulifurika sana. Serikali, kwa nia ya kuwaokoa watu, ikaanzisha Operesheni Rufiji, na watu wakahamishwa kutoka bondeni wakae katika nchi ya juu, vijijini, wapate shule na zahanati. Mambo hayo yalikuwa mema, wala hakuna mzazi asiyetaka shule. Lakini mashamba yalibaki bondeni. Mrufiji hulima mpunga wakati wa mvua na mafuriko, na maji yakiisha kushuka hupanda mlau, yaani mahindi, kunde na mazao mengine, katika udongo wenye unyevu ulioachwa na mto. Wakati wa mazao hukaa katika dungu lake shambani, usiku na mchana, kuwafukuza ndege, nyani na nguruwe. Basi aliyehamishwa alikuwa na nyumba juu na riziki chini, na katikati yake njia ndefu ya kwenda kwa miguu. Kama wakulima wenyewe wangaliulizwa kwanza jinsi wanavyoishi na maji, huenda shauri lingalikuwa jingine.

Nimeyataja hayo kwa sababu nataka kuwasimulia wasomaji habari za mtaalamu mmoja aliyefuata njia nyingine. Huyu ni Bibi Marja-Liisa Swantz, mzaliwa wa nchi ya Finland, aliyekuwa mwalimu, kisha mchunguzi wa mambo ya watu, kisha profesa na mshauri wa serikali na miradi. Kazi yake kubwa aliifanya kwa jirani zetu, kwa Wazaramo na Wakwere upande wa kaskazini, na baadaye kwa watu wa Mtwara na Lindi upande wa kusini. Sisi wa Rufiji tuko katikati yao. Yaliyowapata hao yanatufaa sisi pia.

Bibi Swantz alizaliwa mwaka wa 1926. Mwaka wa 1952 alikuja Tanganyika, akafundisha Ashira, karibu na Marangu, katika mteremko wa Kilimanjaro, mahali ambapo Walutheri walikuwa na shule ya wasichana. Kazi yake ilikuwa kuwatayarisha wasichana wawe walimu. Wakati huo walimu wanawake walikuwa wachache mno katika nchi hii, na mzazi aliyemwachia binti yake asome mpaka afundishe alihesabiwa kuwa mtu wa ajabu. Hivyo Bibi huyu alianza kama walivyoanza wengi wetu, mbele ya ubao na chaki mkononi. Alijua jibu, na wanafunzi wake walitakiwa kulijua.

Baadaye aliolewa na Mchungaji Lloyd Swantz, Mmarekani wa Kanisa la Kilutheri, wakakaa Dar es Salaam. Hapo ndipo alipoona jambo ambalo kila mwalimu na kila mhubiri wa pwani amepata kuliona. Watu husikia maneno, huitikia kwa adabu, kisha huenda zao na kufanya kama walivyofanya siku zote. Wapo wanaosema, watu hao ni wagumu wa mioyo. Wapo wanaosema, hawana akili ya kufahamu. Yeye alishika njia nyingine. Alitaka kujua kwanza watu hao wanajua nini, na wanaamini nini, hata maneno ya mgeni yasipate mahali pa kukaa.

Basi toka mwaka wa 1965 mpaka mwaka wa 1970 alishiriki maisha ya kijiji cha Bunju, kijiji cha Wazaramo kilichokuwa upande wa kaskazini wa Dar es Salaam, kwenye njia ya Bagamoyo. Siku hizi Bunju imemezwa na mji, lakini wakati ule ilikuwa mashamba na minazi. Hakwenda huko na karatasi ya maswali mia, ya kuulizwa asubuhi na kujibiwa kabla ya jua kupanda. Alikaa na wanawake. Alikuwapo katika kazi zao, katika misiba yao, na katika ngoma za kumtoa mwali. Mithali yetu yasema, kitanda usichokilalia hujui kunguni wake. Naye alitaka kukijua kitanda hicho kwa kukilalia.

Alichokiona huko kilimfundisha mengi. Mambo ambayo wageni wengi waliyaita upuuzi wa kishenzi yalikuwa na mpango na maana. Mti wa mkole, ambao mwali wa Kizaramo hupelekwa chini yake, na yule mtoto wa mti aitwaye mwana hiti, vyote vilikuwa ni lugha. Kwa lugha hiyo mama na nyanya walimfundisha msichana habari za uzazi, za ukoo, za uhai na mauti. Wanawake ambao hawakuweza kusoma hata herufi moja walikuwa na elimu kubwa waliyoirithi na kuitunza, nao walikuwa walimu kweli kweli. Bibi Swantz aliyaandika hayo katika kitabu kikubwa, na kwa kitabu hicho akapewa shahada ya udaktari katika Chuo Kikuu cha Uppsala, nchi ya Sweden, mwaka wa 1970.

Najua msomaji Mkristo ataweza kuuliza, Je, yafaa mke wa mchungaji kukaa katika ngoma za mwali, na katikati ya watu ambao wengi wao ni Waislamu? Swali hilo si la kudharauliwa. Lakini tuangalie jambo moja. Mtume Paulo alipofika Athene alizunguka kwanza akizitazama madhabahu za watu wa mji ule, na alipofungua kinywa chake alianza na yale waliyoyajua wao. Kutazama na kuelewa si kuabudu. Mtu asiyekubali kuijua nyumba ya jirani yake hawezi kumwambia jirani huyo neno lolote la kumfaa, liwe la Injili, au la afya, au la kilimo. Nasi wa Rufiji, ambao Wakristo ni wachache na jirani zetu Waislamu ni wengi, twalijua jambo hili kuliko watu wa nchi nyingine. Tumezikana pamoja, tumelimiana mashamba, na watoto wetu wamekaa katika darasa moja.

Mwaka wa 1972 Bibi Swantz aliingia katika Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, katika idara ya uchunguzi wa matumizi ya ardhi, akakaa humo mpaka mwaka wa 1975. Hapo aliyafanya mafunzo ya Bunju kuwa njia ya kufundishia. Kwa desturi, mchunguzi huandika maswali mezani kwake, huwaajiri vijana wa kuyauliza, huchukua majibu, naye aliyejibu hayaoni tena. Yeye aliona kwamba kuchunguza kwenyewe kunaweza kuwa shule, kwa mwanafunzi wa Chuo na kwa mtu wa kijiji pia. Akawatia wanafunzi wake katika kazi ya kuishi vijijini na kufanya kazi pamoja na wenyeji, hata maswali yenyewe yatoke kwa watu. Moja ya kazi za miaka hiyo ilihusu vijana wa Mkoa wa Pwani, ambao Rufiji ni sehemu yake. Ilitaka kujua vijana wanafanya nini, wanatumaini nini, na kwa nini wanakimbilia mjini. Maswali hayo hayajazeeka mpaka leo.

Nitatoa mfano mmoja wa faida ya njia hii. Huko Moshi, katika nchi yenye kahawa, shule na makanisa mengi, walionekana watoto waliodhoofika kwa kukosa chakula cha kufaa. Watu wengi walisema upesi kwamba sababu ni ujinga wa mama zao, na dawa yake ni kuwafundisha mapishi. Mwaka wa 1975 Bibi Swantz na wenzake wawili walitoa taarifa ya uchunguzi wao juu ya jambo hilo. Walipozitazama nyumba za watoto hao hawakuona ujinga tu. Waliona uhaba wa ardhi, umaskini uliojificha katikati ya utajiri, nyumba zilizovunjika, na mama waliolemewa na kazi. Mama ambaye hana shamba wala msaada wa mume hapungukiwi na somo la uji, bali hupungukiwa na kitu cha kutia katika uji. Yeye ajaye na somo la uji peke yake, hata akiwa na nia njema namna gani, amemwongezea aibu juu ya njaa.

Miaka ile ilikuwa miaka ya mazungumzo makubwa katika nchi yetu juu ya kuwafundisha watu wazima. Mwaka wa 1971 alifika Dar es Salaam Paulo Freire, mwalimu wa Brazil, aliyefundisha kwamba mtu mzima si debe tupu la kumiminiwa maneno. Katika Taasisi ya Elimu ya Watu Wazima alikuwako Bwana Budd Hall, aliyeongoza kazi ya uchunguzi. Mwaka wa 1973 Taasisi hiyo, pamoja na wengine, iliendesha kampeni ya Mtu ni Afya. Wazee wataikumbuka. Watu walikusanyika katika vikundi mbele ya redio, wakasikiliza somo, kisha kiongozi wao akawasomea kijitabu, wakashauriana, wakaazimia la kufanya, wakaenda kuchimba choo au kusafisha kisima. Inakadiriwa kwamba watu kama 2,000,000 waliingia katika vikundi hivyo. Nguvu ya kampeni haikuwa redio peke yake, maana redio husema tu wala haisikii. Nguvu yake ilikuwa katika kile kikundi kilichokaa baada ya redio kunyamaza, watu wakaulizana, Je, sisi hapa tutafanya nini? Bwana Hall na Bibi Swantz walikuwa miongoni mwa wale walioipa jina njia hii ya kuchunguza pamoja na watu, ambayo siku hizi huitwa utafiti shirikishi. Bwana Hall baadaye alikuwa profesa huko Kanada, akaieneza njia hiyo katika nchi nyingi. Hivyo vyuo vikuu vya Ulaya na Marekani vinavyoifundisha leo vimepokea sehemu ya elimu yao kutoka Tanzania. Jambo hilo tusilisahau tunapodhani kwamba elimu yote hutoka ng'ambo kuja kwetu.

Toka mwaka wa 1975 mpaka mwaka wa 1979 Bibi Swantz aliongoza kazi iliyoitwa Jipemoyo, katika sehemu za magharibi za Wilaya ya Bagamoyo. Ilikuwa kazi ya ubia kati ya Wizara iliyoshughulikia utamaduni na vijana katika Tanzania, na Baraza la wataalamu la Finland. Upande wa Tanzania alikuwako Bwana Odhiambo Anacleti. Jina hilo, Jipemoyo, msomaji wa Maandiko ataliona si geni kwake. Wachunguzi, Watanzania na Wafini, walikwenda kukaa vijijini, wengine na wakulima, wengine na mafundi wa kazi za mikono, wengine na wapiga ngoma, na wengine na Waparakuyo wafugao ng'ombe.

Habari ya Waparakuyo yafaa kutazamwa. Mfugaji na mkulima wakigombana juu ya maji na malisho, kila mmoja huwa na neno lake, na afisa naye huwa na amri yake. Mara nyingi mfugaji haendi barazani, au akienda hasemi, maana mkutano si wa namna yake na maneno ya barazani si maneno yake. Wachunguzi wa Jipemoyo walijaribu kuwakutanisha watu hawa na maafisa, kila mmoja aseme na kusikiwa, na yaliyochunguzwa yaletwe mbele ya wote badala ya kupelekwa Ulaya tu. Sisi ambao katika miaka hii tumeona mifugo mingi ikiingia katika bonde la Rufiji, na damu ikimwagika mahali mahali kwa ugomvi wa wakulima na wafugaji, tunaweza kujua thamani ya mkutano wa namna hiyo. Amri peke yake haikumaliza ugomvi huko Bagamoyo, wala haikuumaliza kwetu.

Baada ya hayo Bibi Swantz alirudi Finland, akawa mkuu wa taasisi ya mambo ya maendeleo katika Chuo Kikuu cha Helsinki. Aliandika vitabu, hasa juu ya kazi na haki za wanawake. Lakini hakuiacha Tanzania. Katika miaka ya 1990 alikuwa mshauri wa mradi ulioitwa RIPS, uliosaidiwa na Serikali ya Finland katika mikoa ya Mtwara na Lindi.

Hapa yafaa kueleza kazi ya mshauri, maana wengi wa vijijini huiona bila kuijua. Mradi ukiwa na shida, au ukitaka kuanza, humlipa mtu mwenye elimu aje atazame na kutoa shauri. Wengi huja kwa siku chache kwa gari, huzungumza na maafisa, hufika katika vijiji viwili vitatu vilivyo karibu na barabara, huwauliza wanaume waliokaa chini ya mwembe, kisha huandika taarifa kwa lugha ambayo mwenye kijiji hawezi kuisoma. Taarifa hiyo huwekwa kabatini mjini. Mama aliyekuwa shambani siku ile hajui hata kama mgeni alifika. Ubaya wa njia hii si kwamba mshauri hana akili. Ubaya ni kwamba hana mtu wa kumsahihisha.

Katika mradi wa Mtwara na Lindi njia ilijaribiwa kugeuzwa. Watu wa vijiji walikaa na maafisa, wakachora ramani zao chini mchangani kwa vijiti na mawe, wakapanga wenyewe lipi litangulie. Wavuvi wa pwani ile walikuwa na taabu kubwa. Watu waliivua bahari kwa baruti, wakayavunja matumbawe na kuua samaki wadogo kwa wakubwa, na wavuvi wa nyavu wakalala na njaa. Malalamiko yao hayakufika mbali, au yakifika hayakutendewa kazi. Basi mradi uliwaletea kamera za video. Wavuvi wakasema mbele ya kamera, wakatazama yale waliyoyasema, na picha hizo zikapelekwa kuonyeshwa kwa wenye mamlaka. Mtu mkubwa ambaye hakupata kufika ufuoni aliwaona wavuvi uso kwa uso na kuwasikia kwa sauti zao wenyewe. Wavuvi wa vijiji vya Mtwara na Lindi wakaungana katika chama walichokiita Shirikisho, wakaisukuma Serikali mpaka ikachukua hatua, na kwa muda mlio wa baruti ukapungua sana katika pwani ile. Tendo hilo lilikuwa la wavuvi, na sifa ni yao. Kazi ya wataalamu ilikuwa kuwapa njia ya kusikiwa, kisha kukaa kando.

Lakini haifai kuisifu njia hii kana kwamba haina dosari. Baadhi ya wenye elimu waliilaumu, wakisema kwamba mchunguzi anayejitia katika mambo ya watu hawezi tena kuyatazama kwa haki, kama vile hakimu asivyoweza kuwa wakili. Tena ilionekana kwamba mradi ukiisha na fedha zikikoma, mikutano nayo hupungua. Baruti ilirudi baharini katika miaka ya 2000, ikasumbua pwani ya Tanzania kwa miaka mingi. Na neno lenyewe, kushirikisha, limechakaa kwa kutumiwa ovyo. Siku hizi afisa aweza kuwaita watu, kuwasomea shauri lililokwisha kukatwa, kuandikisha majina yao, kuwapa soda, kisha akaandika kwamba wananchi wameshirikishwa. Huo si ushirika. Ni sawasawa na mtu amwulizaye bibi arusi kama anakubali, na hali mahari yamekwisha kuliwa.

Bibi Swantz mwenyewe aliendelea kuyafikiri mambo haya mpaka uzee wake. Mwaka wa 2016, alipokuwa na umri wa miaka 90 hivi, kilitolewa Dar es Salaam kitabu chake juu ya safari yake ndefu ya kuitafuta elimu iliyo hai. Elimu iliyo hai kwake ni ile iliyomo ndani ya maisha ya watu, iwafanyayo waweze kutenda, si ile iliyokaushwa na kufungiwa vitabuni.

Katika Injili twasoma habari za Bartimayo, kipofu wa Yeriko. Alipoletwa mbele ya Bwana Yesu, kila mtu aliona kwamba ni kipofu, na kila mtu aliweza kukisia haja yake. Hata hivyo Bwana alimwuliza kwanza anataka afanyiwe nini. Hakuuliza kwa kuwa hakujua. Alimpa yule maskini, ambaye watu walikuwa wakimnyamazisha, heshima ya kutamka haja yake kwa kinywa chake mwenyewe. Kama Yeye ajuaye yote aliuliza, je, mtaalamu aliyefika jana kwa gari asiulize? Na mwalimu, na mzee wa kanisa, na mwenyekiti wa kijiji, wao nao wasiulize?

Turudi sasa kwetu. Toka mwaka wa 1998 mpaka mwaka wa 2003 palikuwa na mradi wa kutunza mazingira ya Rufiji, ulioendeshwa na Halmashauri ya Wilaya pamoja na shirika la IUCN, na kijiji cha Mtanza-Msona kilikuwa kimojawapo cha vijiji vya kujaribia. Katika kazi iliyotokana na mradi huo wanakijiji wenyewe walipima kimo cha maji ya maziwa na kiasi cha mvua, wakaandika siku kwa siku, na wataalamu wakayatumia maandiko yao. Kwa njia hiyo ilithibitishwa kwa tarakimu jambo ambalo mzee wa Rufiji alilijua tangu utoto. Mafuriko ya kadiri ni baraka, kwa maana huleta rutuba shambani na samaki ziwani. Ni mafuriko makuu yapitayo kiasi ndiyo maangamizi, na ukame nao ni maangamizi. Mkulima aliyeshika kalamu na kipimo aliweza kusema na mtaalamu kwa lugha ya mtaalamu, wala hakuiacha lugha yake.

Haja ya lugha hiyo imezidi. Mwezi wa Desemba 2022 Bwawa la Julius Nyerere lilianza kujazwa maji, na kwa hiyo mto tuliozoea kuusoma kwa macho ya babu zetu umekuwa mto mwingine, wenye mlango unaofungwa na kufunguliwa na watu. Mwaka wa 2024 mvua zilikuwa nyingi kupita kiasi, na maji yakafunika mashamba na nyumba katika Rufiji na Kibiti. Umeme una faida kwa taifa zima, nasi ni watu wa taifa hili. Lakini mkulima wa mlau ana haja ya kuambiwa mapema maji yatafunguliwa lini na kwa kiasi gani, na mwenye kufungua maji ana haja ya kuambiwa na mkulima maji yafikapo kimo gani ndipo mpunga hufaidi, na kimo gani ndipo hufa. Wala mmoja hawezi kukisia elimu ya mwenziwe.

Basi wageni wenye elimu wataendelea kuja Ngorongo, Utete, Kibiti na kwenye visiwa vya delta. Tuwapokee vizuri, maana wahenga walisema, mgeni njoo, mwenyeji apone. Lakini ili mwenyeji apone kweli, na tujifunze kudai mambo matatu. La kwanza, tuulizwe kabla ya shauri kukatwa, si baada yake. La pili, wanawake na vijana waulizwe pia, maana wao ndio walio shambani wakati wazee wako barazani. La tatu, majibu yarudishwe kwetu kwa Kiswahili, yasomwe mbele ya watu, na yaliyokosewa yasahihishwe na wenye kujua.

Nasi walimu, wazee wa makanisa na wenye kusoma, tuanze nyumbani kwetu. Twawalaumu wataalamu kwa kutotusikia, na hali sisi wenyewe mara nyingi hatumsikii mwanafunzi wa nyuma darasani, wala mama mjane, wala Mparakuyo apitaye na ng'ombe wake. Bibi Swantz alikuwa na shahada, lakini alikaa chini mkekani pamoja na wanawake wa Bunju ambao hawakupata kuingia shuleni, akawaita walimu wake. Hakupungukiwa na kitu kwa kufanya hivyo. Kila mwenye kijitabu hiki mkononi jioni ya leo ana jirani asiyejua kusoma. Na amsomee, kisha amwulize yeye anaonaje, na akisha kuuliza angoje jibu.